Shangazi, wanasema nauza kinyesi cha sokwe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Kasulu, na kazi yangu ni utafiti wa afya ya sokwe mtu huku Kigoma. Naomba usinitaje jina.

Kila siku tunatoka kabla hapajapambazuka. Tunawakuta sokwe kwenye viota vyao juu ya miti, tunasubiri waamke. Wakiamka hujisaidia, kisha hushuka na kwenda zao, na wenzangu huwafuata. Mimi nabaki chini ya mti. Navaa glavu na barakoa, nachota kinyesi kidogo kwa kijiti, natia kwenye kichupa chenye dawa ya kukihifadhi, naandika jina la sokwe, tarehe na saa. Hatumgusi mnyama wala hatumchomi sindano. Ndani ya kichupa kile tunapata minyoo yake, virusi vyake, homoni zake, hata baba yake ni nani.

Mwaka huu niliteuliwa kwenda mafunzo ya siku tatu, ya kutufundisha sisi watafiti wa wanyama namna ya kuelezea kazi zetu kwa watu wasiosomea sayansi. Sitaki kuwasema vibaya waliotufundisha. Walituambia tuache maneno magumu, tuchague ujumbe mmoja, tuanze na kisa cha mnyama mmoja mwenye jina. Mtu akikuuliza swali gumu, mjibu kwa kifupi, kisha urudi kwenye ujumbe wako. Tulirekodiwa kwa kamera tukifanya mazoezi, mimi nikasifiwa. Nikarudi na cheti.

Wiki tatu baadaye nikapelekwa kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini mwa mji. Tulikaa chini ya mwembe, watu kama 80. Nikaanza na kisa cha sokwe jike na mtoto wake, kama nilivyofundishwa. Walinisikiliza. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu mapajani akainua mkono. Akasema: "Kijana, hadithi yako nzuri. Mwaka juzi walikuja wenzako. Walichukua kinyesi cha mbuzi wangu, cha mbwa wangu na cha wajukuu wangu. Tukaambiwa majibu yatakuja. Wajukuu wangu wana nini?"

Shangazi, mimi sikuwa kwenye utafiti ule. Nilijibu kwa kifupi kwamba nitafuatilia, nikarudi kwenye ujumbe wangu wa kutunza msitu. Nikaona nyuso zimebadilika.

Mama mmoja akauliza nani analipa mahindi yake yanayoliwa na wanyama. Nikajibu kifupi, nikarudi kwenye ujumbe. Kijana mmoja akasimama nyuma akasema kwa sauti: "Kama ni kinyesi tu, mbona mnakiweka kwenye barafu kama nyama? Mnakiuza Ulaya!" Watu wakaanza kunong'ona habari za mumiani. Halafu sauti ya mwanamke, hata sikumwona, ikauliza: "Na yule mtoto?"

Kila mtu alijua anasema mtoto gani. Ni yule aliyeuawa na sokwe ndani ya hifadhi ya Gombe mwaka 2002. Nilikuwa nimeambiwa na mkubwa wangu nisiligusie jambo hilo kabisa, na ninyamaze pia kuhusu virusi vya sokwe vinavyofanana na vya UKIMWI, kwa sababu watu wataogopa. Nikanyamaza. Mtendaji wa kijiji akafunga mkutano.

Mwenyekiti ametupa nafasi ya pili baada ya siku 14. Mkubwa wangu anataka aje mtu wa mawasiliano kutoka Dar es Salaam, mwenye projekta na fulana za kugawa. Mimi nataka kurudi mwenyewe lakini naogopa. Nikijaribu kuelezea kwa Kiswahili naona maneno yanaisha, sayansi niliyosoma yote ni ya Kiingereza. Na kuna jambo jingine linaniuma: bibi yangu wa Kasulu, aliyenilea, akiniuliza nafanya kazi gani huwa namwambia "nipo hifadhini" basi. Sijawahi kumwambia ninachookota.

Nifanye nini?

Mwenye Vichupa, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nilisimama kwa yule mzee mwenye wavu. Nitaanza naye, maana ukimkosea yeye hata malaika aje na projekta hatasikilizwa.

Mzee hakukuuliza swali la sayansi. Alikudai. Wajukuu wake walichukuliwa kinyesi, akapewa ahadi, ahadi ikapotelea kwenye boti ya kurudi mjini. Wewe ukaja na hadithi ya sokwe na mwanawe. Kwa masikio yake umesema: watoto wa sokwe tunawajua kwa majina, wajukuu wako hatuwajui. Najua hukukusudia hivyo. Lakini ndivyo ilivyosikika, na ningekuwa mimi nimekaa pale ningeinuka niende zangu.

Dawa ya deni ni kulipa. Katika siku zako 14, tumia tano za kwanza kutafuta majibu ya utafiti ule. Usiniambie si wako. Kijijini mtafiti ni mtafiti, kama askari ni askari. Utafiti wa wanyama nchini una njia yake ya vibali, unapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ukifanyika hifadhini unapitia TANAPA (Hifadhi za Taifa), kwa hiyo aliyechukua vinyesi vile ameacha nyayo. Mtafute, mwandikie, mpigie. Ukipata majibu ya wajukuu, usiyatangaze mkutanoni. Hayo ni mambo ya afya ya watoto wa watu. Nenda nyumbani kwa mzee pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, mketi, mwambieni, na kama kuna mtoto wa kutibiwa aende zahanati. Majibu ya mbuzi unaweza kuyasema hadharani kama mwenyewe ameridhia. Na ukikosa majibu kabisa, rudi useme, "Baba, nimetafuta kwa fulani na fulani, sijapata, na ninaona aibu." Hapo atakuwa na mtu wa kumdai anayemfahamu, si kivuli.

Nikuambie kwa nini nasema kwa uchungu hivi. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa afisa ugani wa uvuvi hapa Ziwa Tanganyika, kwa miaka mingi. Siku zangu za kwanza nilifika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, asubuhi, dagaa wanaanikwa, nikakusanya wavuvi nikawahutubia kuhusu samaki wachanga. Mvuvi mmoja mtu mzima akachota kiganja cha samaki kwenye turubai akanimwagia mkononi. "Hawa nini?" Nikasema dagaa. Akachagua wawili kwa kidole, akanyoosha mmoja mmoja juu ya kiganja changu, akanionyesha mdomo ulivyo mpana na mwili ulivyo mrefu. "Huyu ni mtoto wa mgebuka. Unatukataza kuvua watoto na wewe mwenyewe huwajui." Nilikuwa na stashahada yangu mkobani. Niliendelea kuhutubia kana kwamba hakuna lililotokea, na kwa misimu miwili hakuna mtu pale aliyenieleza ukweli wa alichovua. Niliandika kwenye daftari namba walizoamua kunipa.

Kilichofungua mlango ni vitu viwili. Nilimrudia yule mvuvi, nikamwomba anifundishe, na akanifundisha. Halafu kila mwisho wa mwezi nikaanza kuandika kwa chaki, kwenye ubao wa mwalo, jumla ya kilo zilizopimwa pale mwezi ule na mwezi ule mwaka uliopita. Namba zao nikawarudishia wao. Watu walisimama kwenye ubao ule wakibishana mpaka jua linakuwa kali. Hapo ndipo nilipoanza kuulizwa maswali, na ndipo nilipoanza kujifunza kazi yangu.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Usiyatupe. Kuacha maneno magumu ni jambo jema, na kuanza na mnyama mwenye jina ni jambo jema kwa mahali pake. Lakini ile mbinu ya "jibu kwa kifupi urudi kwenye ujumbe wako" imetengenezwa kwa mtu anayehojiwa na televisheni dakika mbili, anayeogopa kukatwa maneno. Mkutano wa kijiji haumkati mtu. Pale mna mchana mzima, na swali la mtu ndiyo shughuli yenyewe. Ukimjibu mtu kwa kifupi mbele ya majirani zake kisha ukarudi kwenye yako, umemwonyesha mgongo. Ulifanya hivyo mara mbili mfululizo, mwanangu. Hapo ndipo mumiani alipoingia.

Kuhusu mumiani, usiwacheke na usiwakasirikie. Babu zetu walisema mumiani wakiwa wanaona watu wenye magari na vyombo wakichukua vitu kutoka miilini bila maelezo, na wewe umekuja na glavu, barakoa, kichupa na boksi la barafu. Kijana aliyesimama nyuma ameuliza swali la akili kabisa: mbona barafu? Nenda ukamjibu kwa vitendo. Chukua kichupa kitupu, kijiti, glavu mpya na boksi lako. Waweke mezani mbele ya watu wawashike. Sema: dagaa wabichi wakiachwa juani asubuhi moja unajua kinachotokea; ninachokitafuta kwenye kinyesi nacho huharibika kwa joto vilevile, ndiyo maana ya barafu. Waonyeshe lebo, jina la sokwe, tarehe, saa. Waambie kichupa kinakwenda wapi, kwa barabara gani, kinapokelewa na nani, na kikipelekwa nje ya nchi kinahitaji kibali gani. Toa nakala ya vibali vyako umpe mtendaji aibandike kwenye ubao wa matangazo. Mtu akiuliza mshahara wako unalipwa na nani, mwambie.

Halafu mweleze kijana yule thamani halisi ya kinyesi, maana ipo. Kwa kuchunguza vinyesi na mikojo, bila kumchoma sokwe hata mmoja sindano, watafiti waligundua kwamba baadhi ya sokwe wa Gombe wana virusi vya jamaa ya VVU. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wenye virusi hivyo hufa mapema kuliko wenzao. Hiyo ni habari iliyosomwa dunia nzima, na ilitoka kwenye vichupa kama vyako.

Hapo tumefika kwenye yale uliyoambiwa uyanyamazie.

Mkubwa wako ana hofu ya kweli; anaogopa watu wakisikia "virusi kama vya UKIMWI" watawachukia sokwe. Lakini simu janja zimefika kila mwambao, na habari ya 2009 haikufungiwa kabatini. Wakiisikia kwa mwingine, kimya chako kitakuwa ushahidi dhidi yako. Sema mwenyewe, na useme yote, kwa utaratibu huu wa moyo mtulivu: ni kweli baadhi ya sokwe hawa wana virusi vya jamaa ya VVU. Virusi vilivyowaingia binadamu na kuleta janga la UKIMWI vilitoka kwa sokwe wa Afrika ya Kati, upande wa Kameruni, siyo kwa hawa wetu wa mashariki. Na aina iliyoko Gombe haijawahi kuonekana kwa binadamu yeyote. Hatari iko kwenye damu na nyama, kwa hiyo sokwe asiwindwe, asichinjwe, na aliyekutwa amekufa asiguswe. Taarifa ipelekwe hifadhini. Maneno haya yanachukua dakika nne. Ukiyasema taratibu, ukasubiri maswali, hakuna atakayekimbia.

Waambie na upande wa pili, ambao hausemwi sana: mara nyingi ugonjwa umetoka kwetu kwenda kwao. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, baada ya kuwapata watu wa maeneo haya, uliwapata sokwe wa Gombe. Wengine walilemaa mikono na miguu, wengine wakafa, na chanjo ikatiwa kwenye ndizi wapewe. Mafua yetu yamewaua sokwe pia, zaidi ya mara moja. Ndiyo maana unavaa barakoa msituni, ndiyo maana mgeni hukaa umbali wa mita 10, ndiyo maana ukiwa na kikohozi unabaki kambini. Kijiji kikijua kwamba barakoa ile ni ya kumlinda sokwe dhidi yako wewe, nusu ya mumiani imeondoka.

Na yule mtoto.

Hili usilijibu kwa haraka, wala usilijibu ukiwa umesimama na karatasi. Mwaka 2002, ndani ya hifadhi, sokwe dume aliyeitwa Frodo alimnyakua mtoto wa miezi 14 aliyekuwa amebebwa, akamuua. Ni kweli. Jina la sokwe yule dunia inalijua. Alipigwa picha na kuandikwa miaka mingi. Mama aliyeuliza swali kutoka kwenye umati alitaka kujua kama mtoto naye anahesabika kwenye simulizi zenu. Kwa hiyo anza kwa pole. Sema ilitokea, sema mwaka, sema hakuna maelezo ya kisayansi yanayomrudisha mtoto. Baada ya hapo, wakitaka kujua sababu, waambie sokwe ni wawindaji. Huwinda mbega na kula nyama, na Frodo alikuwa mwindaji hodari kuliko wengi. Sokwe dume aliyezoea watu haogopi mtu. Kisha waambie leo mnafanya nini ili lisitokee tena, na kama kuna kitu bado hakijakaa sawa, kitaje. Usimpambe sokwe. Ukimpamba, mama aliyefiwa na majirani zake wanakuwa waongo.

Usimwombe mkubwa wako ruhusa kwa barua pepe. Nenda ofisini kwake uketi, umweleze kwamba swali limeshaulizwa mbele ya watu 80 na kimya kimeshajibu. Namwamini ataelewa. Huyo mtu wa Dar es Salaam aje, lakini akae kwenye benchi na wanakijiji, asikilize, aandike. Fulana ziachwe mjini. Kugawa fulana baada ya swali la mtoto aliyekufa ni aibu ambayo haitasahaulika kirahisi.

Mahindi ya yule mama: usiahidi kitu. Fidia si mamlaka yako. Mwulize ni wanyama gani, lini, shamba liko upande gani, uandike mbele yake, umpeleke kwa afisa wanyamapori wa wilaya wewe mwenyewe. Mara nyingi watu husema sokwe kumbe ni nyani, na mara nyingine kweli ni sokwe. Wewe unajua kutofautisha kwa nyayo na kwa mabaki ya chakula, kwa hiyo nenda shambani. Hiyo ni sayansi yako pia.

Sasa hili la Kiswahili. Hapa umenishangaza, na nakuambia kwa upendo. Unasema maneno yanaisha. Je, unajua maelezo ya kila siku ya sokwe wa Gombe yameandikwa kwa lugha gani? Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire (Kongo ya leo) usiku, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Baadaye waliachiliwa, lakini watafiti wa nje waliondoka. Utafiti haukufa, kwa sababu wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, wengi wao watoto wa vijiji hivi hivi vya mwambao, waliendelea kupanda vilima kila asubuhi na kuandika. Na waliandika kwa Kiswahili. Sokwe yupi kaamka na nani, kala nini, kapigana na nani, nani anamsafisha nani manyoya, nani anavua mchwa kwa ujiti. Miaka na miaka ya madaftari, na maprofesa wa vyuo vikubwa Marekani wameyatafsiri yale ili wapate kuandika makala zao za Kiingereza. Sayansi yako ilipita kwenye Kiswahili kabla ya kukufikia chuoni.

Wazee wale baadhi wangali hai vijijini, wamestaafu. Wanajua sokwe kuliko wewe, nisamehe. Watafute, uende na sukari na majani ya chai kama mtoto aendaye kwa wakubwa, uwaulize wao walikuwa wanasemaje. Utasikia maneno ambayo kamusi yako haina. Kisha mwombe mmoja akae nawe mbele siku ya mkutano. Aongee kwanza, kwa Kiswahili chake na kwa Kiha anapotaka. Mzee mwenye wavu anamfahamu huyo. Pengine wamecheza pamoja utotoni. Wewe ukiongea wa pili, hutakuwa mgeni tena. Ninavyoona mimi hili lilipaswa kuwa somo la kwanza la mafunzo yoyote ya watafiti wa wanyama mkoa huu, na linakosekana.

Jane Goodall, Mwingereza aliyeanzisha utafiti wa sokwe wa Gombe, aliposhuka huko tarehe 14 Julai 1960, hakuja peke yake. Serikali ya kikoloni ilikataa akae msituni bila mwenzi, akaja na mama yake, Vanne. Binti akapanda milimani kutafuta sokwe waliokuwa wanamkimbia. Mama akabaki ufukweni, kwa wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa, akafungua kazahanati kadogo: aspirini, bandeji, dawa za vidonda. Watu walikuja na vidonda vyao, wakaongea, wakajua hawa ni akina nani na wamefuata nini. Binti ndiye aliyepata sifa kwa kumwona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa, na anastahili. Ila mimi huwa namfikiria sana mama yule, na kidonda cha mvuvi alichokiosha, kwa sababu bila yeye sijui kama wangemruhusu binti apite.

Hata miaka zaidi ya 30 baadaye ilibidi jambo lile lile lijifunzwe upya. Mwaka 1994 ulipoanza mradi wa TACARE kwenye vijiji vinavyozunguka Gombe, lengo la mwanzo lilikuwa kupanda miti, maana vilima vya nje ya hifadhi vilikuwa vimebaki vipara. Walipokaa na wanakijiji wakaambiwa shida yao ni maji, afya, shule. Mradi ukabadilika ukafuata shida hizo, na miti ikaja pamoja nazo. Baadaye walileta picha za setilaiti, na watu wakawa wananyoosha kidole: huu mto wetu, hili shamba la fulani, huu msitu wa mizimu. Mtu akiliona shamba lake kwenye picha hahitaji kubembelezwa aongee.

Jambo moja la kuangalia kabla hujapanda boti. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Sababu zilikuwepo, na mimi niliyeishi na samaki siwezi kuzikataa. Lakini kwa nyumba inayokula kwa wavu, miezi mitatu ni mirefu, na watu hawakuisahau. Ukisimama mbele yao na nembo kifuani ukaanza kusema "utafiti unaonyesha", wapo watakaojiuliza safari hii kinafungwa nini. Waambie mapema, kabla hawajauliza: utafiti wako hauji kufunga kitu, au kama kuna pendekezo lolote la kuzuia jambo, litaje siku hiyo hiyo. Wasije wakalisikia kwa mtendaji mwezi ujao.

Panda boti ya Kibirizi siku mbili kabla ya mkutano. Lala kijijini. Msalimie mwenyekiti, nenda kwa mzee wa wavu kwanza, halafu shambani kwa mama, halafu kwa wazee wa utafiti. Ikifika siku yenyewe, maswali mengi utakuwa umeshaulizwa jikoni na ufukweni. Ukimaliza mkutano andika maswali yote uliyokosa majibu, uyasome kwa sauti mbele yao, useme tarehe utakayorudi nayo. Chagua tarehe unayoiweza kweli.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumamosi hii nenda Kasulu. Mpelekee bibi yako kichupa kitupu na kijiti. Keti naye, umweleze unaamka saa ngapi, unasimama chini ya mti gani, unachota nini na kwa nini. Atakuuliza kama unanawa mikono. Atakuuliza kama sokwe hakudhuru. Atakuuliza hicho kinyesi kinakwenda wapi na nani anakula faida yake. Mjibu mpaka aridhike, kwa Kiha, maana kwake hutakuwa na Kiingereza cha kukimbilia. Kisha uniandikie aliuliza nini kingine.

Shangazi yako